Mheshimiwa, usitununulie kamera

Kwa Mheshimiwa Waziri wa jimbo anayesimamia utamaduni na sanaa, Lubumbashi

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mpiga picha wa harusi na matanga hapa Katuba, na kila Jumamosi nafundisha vijana kutengeneza filamu fupi. Bajeti ikifika mezani pako, wasanii watakuandikia wakiomba vifaa. Mimi nakuomba usitununulie kamera.

Usidhani nimeshiba. Mwaka jana mtu mwema alituazima kamera ya kisasa, ile inayoonyesha hata kinyweleo cha mkono. Vijana hawakulala kwa furaha. Asubuhi wakaenda kumrekodi mama muuza makala, wakamkalisha jua likiwa mgongoni mwake. Tulipofungua picha, magunia yalionekana vizuri ajabu. Uso wa mama ulikuwa giza tupu. Sauti? Jenereta la jirani.

Wiki hiyohiyo binti mmoja akaleta dakika sita alizopiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nkambo wake, mama mzaa mama yake, anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akisimulia jinsi mumewe alivyotoka kijijini kuja kufanya kazi kwenye shaba. Nikamuuliza amefanyaje. Alingoja saa kumi alasiri, mwanga unapoingia mlangoni kwa ubavu. Akafuta lenzi kwa pindo la kitenge, akaegemeza simu kwenye tofali. Simu ya kaka yake akaifunga ndani ya fundo la kitenge cha nkambo, karibu na kifua, ivute sauti. Nkambo aliponyamaza, binti hakukata. Mchi ukapiga mara nne katika ukimya ule, ndipo mzee akataja jina la marehemu. Mara nne, Mheshimiwa, nilizihesabu.

Wanaosifu simu hupenda kutaja Tangerine, filamu ya Sean Baker ya 2015 iliyopigwa kwa iPhone 5s. Ni kweli. Ila simu zile zilivalishwa lenzi maalumu ya kupanua picha, programu ikazishikilia kwenye fremu 24 kwa sekunde, na sauti ikachukuliwa kwa vifaa vya kitaalamu. Kilichokuwa rahisi ni simu. Ujuzi wa wale watu haukuwa rahisi. Na kwa nini twende mbali? Hapahapa kwetu Frank Mukunday na Tétshim, waliojifunza wenyewe, walitengeneza filamu ya uhuishaji Machini (2019) kwa mawe na chaki: sogeza kidogo, piga picha, sogeza tena. Dakika moja ya kazi ya namna hiyo inakula mamia ya picha.

Sisemi vifaa ni bure. Usiku simu hujaa chenga, na maikrofoni nzuri ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini kamera kubwa ina balaa yake: kijana akipita barabarani na simu hakuna anayegeuka; akibeba kamera, anaulizwa karatasi hata kabla hajaiwasha. Hapo sahihi yako ina nguvu kuliko pesa. Tupe kibali cha mwaka kwa wanafunzi wa filamu, chenye muhuri ambao kila askari ataujua.

Kisha tupatie chumba chenye umeme usiokatika, ukuta mweupe na projekta, jioni moja kwa wiki. Vijana wangu wamepiga filamu nyingi, lakini hawajawahi kukaa gizani na watu wasiowajua wakasikia mtu anaanza kukohoa kwenye sehemu gani ya filamu. Na wazee waliopiga picha enzi za utepe wa filamu, walipohesabu kila sekunde kwa sababu utepe ulikuwa ghali, walipwe nauli waje. Mimi nilifundishwa na mmoja wao. Nikibonyeza kabla ya wakati, alinichapa kidole.

Filamu ya nkambo tutaionyesha ukutani kwetu Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili na nusu jioni, umeme ukiwepo. Kiti chako nitakiweka mbele. Umeme usipokuwepo, binti atakuonyesha kwenye simu ileile. Ufa unapita juu kidogo ya uso wa nkambo, haumgusi.

Wako mtiifu,
Mpiga picha wa Katuba