Mwanangu ana sikoseli na amepangiwa shule ya baridi: nimhamishe au nimwache?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipate ushauri wa wasomaji wako, hasa wazazi wanaolea watoto wenye sikoseli, na zaidi watu wazima walioishi na ugonjwa huu tangu utotoni. Mwanangu wa kiume ana miaka 17, yuko kidato cha tano, anasoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Sisi ni wakazi wa Mwanza. Mwaka huu alichaguliwa kwenda shule ya bweni mkoani Njombe, na huko amepatwa na maumivu ya mkono yasiyofanana na yale niliyozoea kuyauguza. Sasa yuko nyumbani kwa likizo, shule inafunguliwa Januari. Mimi nataka ahame. Yeye hataki kusikia, na baba yake yuko upande wake.

Ugonjwa wenyewe tunaujua. Akiwa mchanga, kabla hajatimiza mwaka, vidole vyake vya mikono na nyayo vilivimba ghafla akalia usiku kucha. Hospitali wakapima damu wakakuta SS, yaani amerithi sikoseli kutoka kwetu wazazi wote wawili. Mimi na baba yake sote ni AS, yaani tumebeba tu urithi wa sikoseli, na hatukuwahi kuumwa, ndiyo maana hatukuwa na habari. Tangu hapo anahudhuria kliniki, anameza foliki asidi kila siku, na maumivu yakija huwa ni ya mgongo au miguu. Tunampa maji mengi, tunamfunika, anameza dawa ya maumivu, na yakizidi tunakimbilia hospitali kwa dripu na sindano. Miaka michache iliyopita daktari alimwanzishia vidonge vya haidroksiyurea, na nilishuhudia mabadiliko kwa macho yangu. Alimaliza kidato cha nne bila kulazwa hata mara moja katika mwaka wa mtihani.

Tatizo lilianza na safari yenyewe. Kutoka Mwanza hadi Njombe unapita Shinyanga, Singida, Dodoma, Iringa, Makambako. Kijana anaogopa kumsumbua dereva kila saa asimamishe basi ajisaidie, basi anaacha kunywa maji. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kiu tu. Kwa mwenye sikoseli, damu inakuwa nzito, chembe zake zinabadilika umbo na kukakamaa, zinaziba mishipa midogo, na sehemu isiyofikiwa na damu ndiyo inayouma. Akafika Julai, mwezi wa baridi kali, kwenye mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Saa kumi na moja alfajiri ni mchakamchaka, kisha kuoga maji ya bomba. Fomu ya afya niliijaza vizuri na kuambatanisha barua ya daktari. Ninavyoona, ilibaki ofisini, kwa sababu mwalimu wa zamu hakuwa na habari.

Usiku mmoja mkono wa kushoto ulimshika ghafla, kuanzia begani hadi kwenye vidole. Anasema hakuweza hata kufunga kifungo cha shati. Patroni alidhani ameulalia vibaya, akamfunga kitambaa cha maji baridi. Alitaka kumsaidia, simlaumu kwa nia yake, lakini ubaridi ndio adui mkubwa wa mtoto huyu, na kulipokucha alikuwa anapiga kelele. Mimi nilipigiwa simu nikaambiwa "mkono umekufa". Wazazi wenye watoto kama wangu wataelewa nilichofikiria: kiharusi. Watoto wa sikoseli hupata kiharusi hata wakiwa wadogo, na mkono kulegea ghafla upande mmoja ni dalili yake. Nilimwomba mwalimu amwambie atabasamu, aongee, ainue mkono wa pili, asimame. Akafanya vyote. Nikamsihi wampeleke hospitali saa hiyo hiyo, wasisubiri zahanati ya shule ifunguliwe.

Hospitali nawashukuru sana. Walimwekea dripu, wakampa sindano ya maumivu yenye nguvu bila kumwambia anadeka, wakapima joto la mwili na damu, kwa sababu maambukizi ndani ya mfupa kwa wagonjwa hawa hufanana sana na maumivu ya kawaida ya sikoseli. Joto halikuwa limepanda na vipimo havikuonyesha maambukizi. Eksirei ya bega haikuonyesha kitu. Akatoka baada ya siku chache, vidole vikarudi kufanya kazi.

Ila bega halijapona. Mpaka leo akiinua mkono kupita usawa wa kichwa anakunja uso, na ndoo ya maji habebi kwa mkono huo. Daktari wetu wa kliniki hapa Mwanza anahofia kwamba kile kichwa cha mfupa wa mkono, pale unapoingia begani, kimekosa damu na kinaanza kufa. Anasema mwanzoni hali hiyo haionekani kwenye eksirei, ameandika afanyiwe MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha zaidi ya eksirei, na tunakusanya fedha. Jambo hilo linaninyima usingizi. Maumivu huja yakaenda, lakini mfupa ukishabomoka haurudi ulivyokuwa.

Kuna jingine, na hili ndilo gumu zaidi kwangu. Nilipofungua tranka lake likizo hii ili nifue nguo, nilikuta kopo la haidroksiyurea karibu limejaa. Alikuwa ameacha kumeza. Nilimuuliza kwa upole, akanyamaza, kisha akamwambia dada yake mkubwa kwamba bwenini waliona jina la dawa, wakatafuta kwenye simu, wakamwambia ni dawa ya kansa na kwamba itamfanya asizae. Hataki wenzake wajue anaumwa. Hataki kuitwa mgonjwa. Ndiyo maana alikuwa anakimbia mchakamchaka kama wengine na kunyamaza mkono ulipoanza kuwaka moto, mpaka ukamshinda.

Daktari hakumficha kitu. Alimwambia ni kweli dawa hiyo hutumika pia kwa baadhi ya saratani, ni kweli inaweza kupunguza mbegu za kiume wakati mtu anaitumia, na kwamba sikoseli yenyewe ikiachwa nayo huharibu nguvu za kiume. Akamweleza kuwa kwake inaongeza ile damu ya utotoni isiyokakamaa, na kwamba faida yake huchukua wiki nyingi kujengeka, kwa hiyo kumeza leo na kuacha kesho ni sawa na kutomeza. Kijana aliitikia tu. Mimi ni mama yake, mambo ya mbegu na uzazi hawezi kuyazungumza na mimi akaniangalia usoni. Baba yake nikimwomba azungumze naye anasema "atakua ataelewa".

Bibi yake mzaa baba naye anataka achanjwe chale begani, anasema mkono kushikwa usiku si jambo la bure. Ninamheshimu, lakini kwa hilo nimekataa. Mtoto huyu jeraha dogo tu linaweza kumletea maambukizi. Nimemwomba badala yake amsugue taratibu kwa mafuta ya uvuguvugu, amekubali, na mjukuu anafurahia.

Sasa hoja za upande wa pili, nizitendee haki. Kijana anataka kuwa daktari. Shule ile inafaulisha, walimu wa sayansi wapo, na ameanza kuelewana na wenzake. Baba yake anaogopa kwamba tukiomba uhamisho katikati ya mwaka tunaweza kuangukia shule isiyo na maabara, au asipate nafasi ya PCB kabisa. Na mwanangu ameniambia neno ambalo sijaweza kulijibu: "Mama, ukinihamisha kwa sababu ya ugonjwa, utanihamisha mpaka lini?"

Naombeni mnisaidie. Kwa wazazi waliowahi kumhamisha mwanafunzi wa kidato cha tano kwa sababu za kiafya: mlianzia wapi, kwa mkuu wa shule au TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, na barua ya daktari ilitakiwa iandikwe nini? Kwa waliowaacha watoto wao kwenye shule za baridi: mlikubaliana nini na shule? Mimi ninawaza maji ya moto ya kuoga, ruhusa ya kutokimbia alfajiri, chupa ya maji darasani na ruhusa ya kwenda chooni bila kuuliza, na mtu mmoja pale shuleni anayeshika dawa zake na kujua dalili za hatari. Je, shule hukubali, au huitikia siku ya kufungua tu?

Na kwa wanaume mnaoishi na sikoseli, mliotumia dawa hii mkiwa vijana: ninawaomba sana mmwandikie mwanangu kupitia kwa Mhariri. Mwambieni ukweli wa uzazi, wa kazi, wa ndoa, hata kama sehemu ya ukweli huo si nzuri. Mimi sihitaji kuisoma barua hiyo. Tiketi ya basi bado sijakata.

Mama wa kijana,
Mwanza