Herufi zibaki, kirefu tukiangalie upya

Wadau habari za saa hizi, naomba mnisikilize kidogo kabla hatujaanza kutupiana stika. Hili la kubadili jina letu la kifupi, mi naona herufi tusiziguse kabisa, watu washazizoea, ziko kwenye logo, muhuri na tisheti, ila kirefu chake ndo hakituhusu tena, nusu ya kazi tunazofanya sasa hivi hata hazimo humo. Na wala hatutakuwa wa kwanza, LG ilitokana na Lucky na Goldstar, 1995 wakabaki na herufi mbili tu, saivi wengi wanadhani kirefu chake ni ile kaulimbiu ya "Life's Good". 3M nao, ile kampuni ya Marekani, waliachana rasmi na kirefu chao cha Minnesota Mining and Manufacturing mwaka 2002.

Kwa hiyo tutafute kirefu kipya au tuache herufi zisimame zenyewe? Mi naegemea hii ya pili, kirefu cha kulazimisha kinachekesha, mliona wenyewe jana ile K ilivyotutesa kuitafutia neno 😅

Ila jina la kwenye cheti linabaki vilevile mpaka tubadilishe rasmi, mikataba msiiguse. Kura iko hapo chini, mwisho Ijumaa usiku, asiyepiga asinifuate inboksi kulalamika.