Historia ya stesheni ya Taveta isiishie kwenye vita

Mhariri,

Kila inapoandikwa habari ya reli ya Voi hadi Taveta, ambayo kwa miaka mingi sasa haioni gari moshi la abiria, wasomaji husimuliwa mapigano ya kilima cha Salaita ya Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha hadithi hukatika hapo hapo, kana kwamba stesheni zilizozaliwa na vita zilizikwa pamoja navyo.

Ni kweli kwamba Waingereza walianza kuitandaza reli hiyo mwaka 1915 ili kuwafikishia askari wao maji, chakula na silaha katika nyika kavu ya Maktau, na kwamba Wajerumani waliitegea mabomu mara kwa mara. Ni kweli pia kwamba mwaka 1916 iliunganishwa kule Kahe na reli iliyotoka Tanga kwenda Moshi, kazi iliyokuwa nyepesi kwa kuwa zote mbili zilikuwa na upana wa mita 1. Lakini baada ya vita Taveta ilibaki kuwa mlango wa kuingilia Kilimanjaro kutoka Mombasa, na mkonge wa mashamba ya huku ulishuka pwani kwa mabehewa.

Kilichoidhoofisha stesheni hiyo ni siasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la pamoja la reli likagawanywa, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Njia iliyounganisha nchi mbili ikawa kipande kisichoelekea popote, na lami ilipofika, malori yalichukua mizigo iliyosalia.

Makaburi ya wanajeshi pale Voi na Taveta yana majina yaliyochongwa vizuri, nami sina kinyongo na hilo, ingawa wapagazi Waafrika waliokufa kwa maelfu hawakupewa heshima hiyo. Ombi langu ni kwamba kaunti na makumbusho ya taifa zirekodi masimulizi ya wastaafu wa reli: nani alipiga kengele, mizigo ilipimwa wapi, maofisa wa forodha walikagua vipi mabehewa ya kutoka Moshi, na siku mpaka ulipofungwa wafanyakazi waliambiwa nini. Aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1977 sasa ameshavuka 70, kwa hiyo kazi hii haiwezi kungojea bajeti ya miaka mitano ijayo.

Msomaji wako,
Mwatate