Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wenye Viwanda

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha na ada ataeleza mhazini. Mimi nitazungumzia ushuru wa forodha, maana ndio uliokula mwaka wangu. Karibu kila ombi mlilonipa nilifikishe serikalini lilitaka kitu kimoja: bidhaa ya nje ipandishiwe ushuru. Nimeyafikisha.

Ila mwenye kiwanda cha nyuzi alipoomba kulindwa, aliyelipa ni mfumaji, naye ni mwanachama wetu. Tuchukue bidhaa ya 100 kwa bei ya soko la dunia, yenye malighafi ya 60. Thamani inayoongezwa kiwandani ni 40. Bidhaa ikitozwa asilimia 20 na malighafi zisiguswe, kiwanda huuza kwa 120 na kubaki na 60. Kutoka 40 hadi 60, ulinzi wa kweli basi ni asilimia 50. Malighafi nazo zikitozwa asilimia 40, hufika 84, kikabaki na 36. Heri kisingelindwa kabisa! Wawili kati yenu mlinifungulia vitabu vyenu, na hali ndiyo hiyo hiyo.

Sisemi mipaka ifunguliwe kesho. Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, alitetea viwanda vichanga vya nchi yake mwaka 1791, na Korea Kusini ililinda soko lake la magari wakati kampuni ya Hyundai ikijifunza kutengeneza gari lake la Pony miaka ya 1970. Lakini Korea ilidai malipo ya ulinzi huo: mikopo nafuu ilimfuata anayeuza nje, na soko la nje halimwonei haya mtu. Brazil ilizuia kompyuta za kigeni miaka ya 1980 bila kubana watengenezaji wake namna hiyo. Wanunuzi wakalipa bei ghali kwa mashine zilizopitwa na wakati, mpaka kinga ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. India nayo, ilipoanza kupunguza ushuru mwaka 1991, tija ilipanda zaidi kwa sababu ya malighafi na vipuri kushuka bei kuliko kwa kuogopa washindani. Hilo lilinishangaza hata mimi.

Kamati tendaji imekubali kwamba kuanzia sasa sitasaini ombi lisilotaja tarehe ya ushuru kukoma, wala lisiloonyesha gharama kwa wanachama wanaoinunua bidhaa hiyo. Maombi mawili yamesharudishwa kwa katibu. Wenyewe mnajijua, tuonane baada ya kikao.