Shanga za kale hazisomwi kwa rangi

Ndugu Mhariri,

Kwenye maduka ya vinyago hapa Arusha, shanga ndogo nyekundu za kioo huuzwa kama "za kale, za Kihindi", na ushahidi pekee ni rangi. Rangi haitoshi. Shaba ileile iliyotiwa kwenye kioo hutoa nyekundu tanuru likinyimwa hewa, na feruzi likipewa. Mafundi wa nchi nyingi walilijua hilo.

Asili ya kioo husomwa kwenye mchanga na magadi yake. Kioo cha India cha magadi ya ardhini kina alumina (oksidi ya alumini) nyingi, kwa kawaida kupita asilimia 5, na magnesia (oksidi ya magnesi) chini ya asilimia 1.5. Kile cha Mashariki ya Kati, cha majivu ya mimea, magnesia yake hupita hapo na alumina huwa kidogo. Hata cha India kina makundi: chenye metali ya urani kidogo na ya bariamu nyingi huhusishwa na kusini mwa India na Sri Lanka.

Tatizo ni kipimo. Kifaa cha eksrei cha mkononi, kinachopendwa kwa kuwa hakichubui shanga, hakioni sodiamu, na magnesia hukibabaisha. Tena husoma ngozi ya juu, ambayo unyevu wa udongo umeshaifyonza magadi, hivyo silika, yaani kiini cha mchanga, huonekana nyingi kuliko ilivyo. Kipimo cha leza, kwa upande wake, huchimba kitundu kisichofika milimita 0.1, na vipimo vya sekunde za mwanzo hutupwa mpaka kioo kizima kifikiwe. Pointi tatu au nne kwa kila ushanga zinafaa. Leza ikiangukia chembe ya rangi, kiwango cha madini ya risasi au bati hupanda ghafla, na pointi hiyo haifai. Risasi ikiwa nyingi, itolewe kwenye hesabu kabla ya kulinganisha alumina, la sivyo ushanga wa njano, ambao rangi yake hutokana na risasi, utadhaniwa umetoka kwingine.

Kemia nayo hutaja kioo kilikoyeyushwa, si lazima ushanga ulikotengenezwa. Kule K2, makazi ya kale jirani na mji wa kale wa Mapungubwe, Afrika Kusini, shanga za ng'ambo ziliyeyushwa upya kuwa shanga kubwa za wenyeji.

Wanaookota shanga kwenye magofu ya kale ya Engaruka waziache zilipo. Ukishang'olewa kwenye tabaka lake, ushanga unaweza bado kutaja India, lakini karne yake ni shida kuijua. Zilizokwisha kuokotwa zisilowekwe kwenye siki wala ndimu, wala zisipakwe mafuta. Na muuzaji anayedai ukale aonyeshe namba za alumina na magnesia. Asipokuwa nazo, atoze bei ya shanga za kawaida.

Msomaji,
Arusha