Kwako swahiba, unayeanza sheria

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia salama. Kabla ya yote pokea pongezi zangu, maana kupata nafasi kitivo cha sheria katika chuo kikuu cha umma si jambo dogo: waombaji daima ni wengi kuliko nafasi. Ila nimeona furaha yako imeishia ukurasa wa kwanza, zilizofuata zote ni hofu. Unasema huna kichwa cha kukariri, na binamu yako kakuapia kwamba mwanasheria asiyejua vifungu kwa moyo hafiki mwaka wa pili. Tena umesikia kwamba kwenye vyuo vya umma darasa hujaa hadi watu wakasikiliza dirishani.

La dirishani ni kweli. Hilo la kukariri nalikataa, na ndilo nitakalokaa nalo, kwa sababu nimewaona wenzangu wenye kumbukumbu ya ajabu wakianguka mitihani, na wengine wanaosahau hata walipoweka miwani wakifaulu bila jasho.

Kifungu kimeandikwa, kipo kitabuni, na bunge likitaka litakifuta kesho. Mtihani wa sheria mara nyingi hautakuuliza kinasemaje. Utapewa kisa. Fulani kauza gari, breki zimekatika njiani, aliyeumia si mnunuzi bali mpita njia, na muuzaji alikuwa amebandika ukutani tangazo kwamba gari likishatoka hapo yeye hahusiki tena. Mshauri mpita njia. Hapo ujue kwanza kinachobishaniwa ni nini hasa, kisha kanuni gani inaingia, kisha kanuni hiyo inayashika vipi mambo ya kisa hiki, ndipo utoe ushauri. Wengi wanaiandika kanuni vizuri, ukurasa mzima, na majina ya kesi juu, halafu wanarukia mwisho: “Kwa hiyo muuzaji anawajibika.” Kwa hiyo ipi? Tangazo la ukutani limekwenda wapi? Mpita njia alilisoma? Alikuwa na sababu yoyote ya kulisoma? Alama zimelala hapo katikati, na hapo ndipo watu hawasimami.

Nikuonyeshe kwa kesi ambayo utakutana nayo mapema mno kama mfumo utakaousoma umetokana na sheria ya Kiingereza. Ni Donoghue dhidi ya Stevenson, ya mwaka 1932. Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, Bi. May Donoghue aliingia mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeagiza, na ndiye aliyelipa. Ikaletwa soda ya tangawizi katika chupa ya kioo cheusi, usione kilichomo. Bi. Donoghue akamiminiwa, akanywa. Rafiki alipomimina iliyobaki, kwa madai yao, kikatoka kitu kilichokuwa konokono, kimeshaoza. Mama akaugua.

Amshtaki nani? Hakununua kitu, kwa hiyo hana mkataba na mwenye mkahawa. Na mtengenezaji, Stevenson, ndiyo kabisa hawajuani. Akamshtaki huyo huyo mtengenezaji kwa uzembe. Shauri likapanda hadi Baraza la Malodi, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, na majaji wakagawanyika, watatu kwa wawili, mama akipata wale watatu. Lord Atkin akasema unapaswa kuchukua uangalifu wa kutosha usimdhuru jirani yako, na jirani kisheria ni yule anayeguswa na tendo lako kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla hujatenda.

Mwanafunzi wa kukariri anaishia hapo: jirani, 1932, Atkin, basi. Sasa wewe chukua kalamu uulize maswali ya utundu. Chupa ingekuwa nyeupe, konokono anaonekana? Kama ilitarajiwa mwenye mkahawa aikague kabla ya kuuza? Kama mama angelipa mwenyewe? Utagundua kwamba rangi ya ile chupa si pambo la hadithi. Atkin mwenyewe, alipofika kwenye kiini, alimzungumzia mtengenezaji anayetoa bidhaa akikusudia imfikie mlaji kama ilivyotoka kwake, pasipo nafasi ya maana ya mtu wa kati kuikagua. Chupa nyeusi imeingia ndani ya kanuni! Na rafiki kulipa ndiko kulikoifanya kesi iwe ngumu, maana njia ya mkataba ilifungika. Lakini konokono, ambaye kila mtu anamkumbuka, ndiye asiye na kazi. Angekuwa panya au kipande cha waya, kanuni isingebadilika.

Kuna jambo jingine linalonichekesha mpaka leo. Malodi waliamua hoja ya sheria peke yake, wakichukulia kwamba anayosema mama ni kweli. Ushahidi haukuwahi kusikilizwa. Stevenson alifariki, na madai yakamalizwa kwa makubaliano. Basi konokono mashuhuri kuliko wote katika historia ya sheria hakuthibitishwa kamwe kwamba alikuwemo.

Usome na walioshindwa. Wenzako wengi wataruka hukumu ya Lord Buckmaster kwa sababu alikuwa upande wa wachache, nawe ukiisoma utakuwa na silaha wasiyokuwa nayo. Hofu yake ilikuwa na akili: ukiliruhusu dai lipige hatua moja kupita mkataba, nini kitalizuia lisipige hamsini? Swali hilo mahakama bado zinahangaika nalo. Ukijibu mtihani kama vile Buckmaster hakuwepo, msahihishaji anajua umesoma muhtasari wa mtu.

Upande wa jinai utaletewa kesi ya Dudley na Stephens, ya 1884, na darasa litapiga kelele. Jahazi la starehe, Mignonette, lilizama likielekea Australia. Watu wanne wakabaki ndani ya mashua ndogo, hawana maji, chakula kimewaishia. Kijana wao, Richard Parker, wa miaka 17, alikuwa hoi. Dudley akamuua, Stephens akiwa ameridhia, wakamla wao na mwenzao wa tatu. Siku chache baadaye meli ikawaokoa. Mahakama ikasema dharura haiwi utetezi kwa kosa la kuua kwa kukusudia, wakahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi 6. Kila mtu darasani atataka kusema angefanya nini. Waache waseme. Wewe angalia nani alifanya nini: aliyetamka hatia na kifo ni mahakama, aliyepunguza ni serikali ya Malkia. Majaji hawakuificha huruma yao, ila walikataa kuigeuza kuwa sheria. Mhadhiri mzuri atauliza, “Je, wangepiga kura ya nani afe?” Jibu usilikimbilie.

Kuhusu mtindo huu wa kuulizwa badala ya kuhubiriwa: umetokana na Christopher Columbus Langdell, aliyeshika ukuu wa shule ya sheria ya Harvard mwaka 1870 na kuwalazimisha wanafunzi wasome hukumu zenyewe kisha wazitetee mbele ya darasa. Kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa hili haliwezekani vizuri, kwa hiyo kwetu sisi wa vyuo vya umma mhadhara mara nyingi ni wa kuandika tu. Semina ndiyo yenyewe. Mhadhara ukiukosa utaupata kwa mwenzako. Semina ukiikosa imepotea, kwa sababu hakuna anayeweza kukuandikia jinsi ulivyobanwa na swali. Nenda ukiwa umesoma, hata kama ni kesi moja kati ya tano ulizopangiwa. Afadhali hiyo moja uijue hadi majaji waliopinga.

Maktaba itakukasirisha. Kitabu cha kiada kitakuwa na nakala chache, za kusomea humo humo, na foleni. Nami nakwambia acha foleni. Nenda kwenye rafu za ripoti za kesi, zile juzuu nene zenye vumbi ambazo watu hupiga nazo picha tu siku ya mahafali. Hapana foleni huko. Kitabu cha kiada kinakupa maoni ya mwandishi kuhusu kesi. Ripoti inakupa kesi. Ukurasa wa kwanza utakuchukua saa nzima na utachukia uamuzi wako wa kusoma sheria. Baadaye macho yatazoea, utajua jaji anapojibu hoja iliyo mbele yake na anapotanga pembeni kusema jambo ambalo kesi haikulihitaji. Hilo la pembeni lina uzito wake, ila halimfungi jaji wa kesho. Ukiweza kutenganisha hayo mawili, nusu ya sheria unayo.

Mengine ya chuo cha umma nisikuchoshe nayo: ratiba huyumba, matokeo huchelewa, kuna ofisi itakayokutuma ofisi nyingine kisha ikurudishe. Utazoea.

Faida ambayo hakuna aliyekutajia ni watu. Utakaa na mtoto wa jaji na mtoto wa mkulima meza moja, na watu wazima waliorudi shule. Kwenye kundi letu la kusoma tulikuwa na askari polisi aliyekuwa likizo ya masomo. Tulipokuwa tunajadili maelezo ya kukiri kosa kama vile yanaandikwa na malaika, yeye alitueleza yanavyoandikwa usiku, mwandishi kachoka, anayeandikwa kaogopa. Hakuna kitabu kilichonifundisha sheria ya ushahidi kama yule mzee. Kundi lenyewe lisizidi watu watano. Na msikutane kusomeana madaftari, huo ni usingizi wa pamoja. Mmoja amtetee mdai, mwingine mdaiwa, wa tatu awe jaji na aandike uamuzi. Wiki ijayo mbadilishane.

Kitivo kikiwa na kituo cha msaada wa kisheria, jiandikishe mara tu utakaporuhusiwa. Huko mtu haji kukuambia “nina kesi ya mkataba.” Anakuja na mfuko wa karatasi, risiti zimechanganyika na cheti cha kliniki cha mtoto, anaanza hadithi katikati, anamtaja shemeji ambaye hujui ameingiaje, analia, anaendelea. Kifungu ulichokariri hakitakusaidia bado, maana hujui kifungu gani. Inabidi usikilize mpaka uione ile chupa nyeusi. Inaweza kuwa tarehe kwenye stakabadhi ambayo yeye mwenyewe haioni kuwa na maana, au sahihi isiyokuwepo.

Sasa ombi lako la madaftari. Muhtasari wa mihadhara nitakutumia, na mitihani ya miaka iliyopita ninayo mingi, chukua yote. Muhtasari wangu wa kesi sikupi, hata ukinuna. Badala yake, kabla chuo hakijafunguliwa, itafute hukumu ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company, ya 1893. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayepata mafua makali baada ya kutumia kifaa chao cha kuvuta dawa puani kama walivyoelekeza, na kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haifanyi mzaha. Bi. Carlill akatumia, akaugua, akadai. Alishinda, hilo nimekuondolea. Niandikie nusu ukurasa tu: ni mambo gani ya kisa hicho, yakiondolewa, mama angeshindwa? Anza na hizo pauni 1,000 za benki. Ukishatuma, mimi nitakujibu kama wakili wa kampuni, na sina mpango wa kukuonea huruma.

Wasalimie wote nyumbani, na binamu yako mwambie bado nampenda.

Wako,
swahiba wako wa siku zote