Tangi la oili lililopasuka na spea isiyokuwepo: malalamiko kwa waliofufua jina la pikipiki ya Kiingereza

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPASUKA KWA BREKETI YA TANGI LA OILI NA KUKOSEKANA KWA SPEA

Barua hii mnayo tayari kwa Kiingereza. Naitoa na kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu ninaoendesha nao hapa Uingereza, pamoja na jamaa wa Nairobi na Dar es Salaam waliokuwa wakiniulizia bei, wanastahili kujua yaliyonipata kabla hawajawalipa chochote.

Nilinunua pikipiki kutoka kwenu moja kwa moja, bila wakala katikati. Malipo ya awali nililipa kwa kadi ya mkopo, yaliyobaki kwa benki, na bei yote haikufika pauni 30,000. Mlichelewa kuileta na sikulalamika, maana najua karakana inayounda pikipiki chache kwa mwaka haiwezi kwenda mbio za kiwanda kikubwa. Ilipofika niliipenda. Naipenda hata sasa, na ndiyo maana naandika kwa uchungu.

Miezi sita haijaisha tangu niipokee. Siku moja ya mvua, nikiingia kwenye kipilefti nje ya Coventry, gurudumu la nyuma liliteleza ghafla. Nashukuru Mungu sikuanguka. Nilisimama kando nikapapasa tairi, na ubavu wake wa kushoto ulikuwa umelowa oili. Nikaufuata unyevu ule kwenda juu mpaka kwenye breketi ya chini ya tangi la oili, yaani kile chuma kinachoshikilia tangi. Ilikuwa imepasuka palepale ilipochomelewa, ufa mwembamba kama unywele, na tangi lenyewe lilikuwa limeanza kuchanika kwa kuvutwa huku na huku.

Fundi wangu, ambaye ameshika pikipiki za Kiingereza tangu ujana wake, alifungua bolti mbili akanionyesha chanzo. Chuma kimekaa juu ya chuma, hakuna bushi ya mpira. Injini yenu ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Injini ya namna hiyo hutikisika, na mafundi wa nchi hii wamelijua hilo miaka mingi. Kiwanda cha Norton kilipoionyesha pikipiki yake ya Commando mwaka 1967 mafundi wake walikuwa wameshalitafutia dawa: waliunganisha injini, giaboksi na mkono wa gurudumu la nyuma viwe kitu kimoja, kisha wakavitenga na fremu kwa mipira, ili mtikisiko usimfikie dereva wala usiichoshe fremu. Ninyi mmefunga tangi lenye oili ya moto juu ya tairi la nyuma, mkashindwa kuweka mipira miwili ambayo bei yake haifiki chakula cha mchana.

Nilipowaandikia mara ya kwanza, mlinijibu kwamba kuvuja oili ni sehemu ya tabia ya pikipiki za Kiingereza. Jibu hilo liliniudhi kuliko ufa wenyewe. Ni kweli pikipiki nyingi za zamani zilivuja, kwa kuwa kasha la injini liligawanywa wima katikati na nyuso zake hazikukazana vizuri. Lakini pikipiki yangu ni mpya, na oili yake haikutoka kwenye injini. Ilitoka kwenye tangi lililopasuka kwa kufungwa vibaya, ikaenda kwenye tairi. Huko ni kumhatarisha mtu, wala msikuite tabia.

Baadaye mlimtuma fundi wenu. Alichomelea palepale, akapaka rangi, akaondoka. Mpira hakuweka. Breketi imepasuka tena mahali palepale. Nilipoomba mpya nikaambiwa haina namba ya spea, kwamba aliyeziunda ameshaacha kazi, na kwamba nilipe nusu ya bei kwanza ndipo mtafute mtu wa kuiunda. Yaani breketi ya pikipiki iliyo ndani ya dhamana, niilipie kabla haijakuwepo!

Kiwanda cha Vincent kiliacha kuunda pikipiki pale Stevenage mwaka 1955. Velocette ya Hall Green, Birmingham, ilifunga milango mwaka 1971. Hata hivyo mwenye Vincent leo anaagiza spea kwenye kampuni iliyoanzishwa na chama cha wamiliki wenyewe, mwenye Velocette ana chama chake, na mwenye Commando ana duka la kuagizia. Sehemu zinajulikana kwa namba, michoro ipo, na kifurushi kinaletwa na posta. Pikipiki za viwanda vilivyokufa zinapata spea, na yangu, ambayo kiwanda chake kinapokea simu kila asubuhi, haipati.

Mmerudia mara kwa mara kwamba ninyi ni wadogo. Mimi sikubali kwamba uchache ni udhuru, na historia ya majina haya iko upande wangu. George Brough wa Nottingham aliunda Brough Superior kati ya mwaka 1919 na 1940, na zote kwa jumla ni kama 3,000 tu. Injini alinunua kwa viwanda vingine, JAP na Matchless, na vitu vingine vingi alinunua kwa watu. Lakini alipotoa pikipiki ya SS100 mwaka 1924 aliiuza na hati ya dhamana kwamba pikipiki hiyo imejaribiwa na kufikia maili 100 kwa saa. Alikuwa mdogo, alitumia injini za wenzake, na bado alisimama nyuma ya kila pikipiki iliyotoka mlangoni kwake.

Kwa hiyo sina ugomvi na anayefufua jina, wala na anayechukua injini kwingine. Pikipiki ya BSA Gold Star, jina lingine la zamani, iliyozinduliwa upya Birmingham mwaka 2021 ni mali ya Wahindi na injini yake ina asili ya kampuni ya Rotax ya Austria. Brough Superior ya sasa inaundwa Toulouse, Ufaransa. John Bloor alinunua jina la pikipiki za Triumph mwaka 1983, akakaa kimya miaka akijenga kiwanda Hinckley na kusanifu injini mpya, na pikipiki zake hazikuonekana mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Hakumuuzia mtu jambo ambalo hakulimaliza. Na sote tunakumbuka Januari 2020, Norton ilipowekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi huku watu waliolipia pikipiki wakingali wanazisubiri, kabla kampuni ya TVS ya India haijainunua kwa pauni milioni 16. Baada ya hayo, msinitake nilipie kitu ambacho hakijaundwa.

Madai yangu ni haya. Ndani ya siku 14 mniletee breketi iliyosanifiwa upya, yenye mipira, pamoja na tangi jipya, bila malipo, na mnipe kwa maandishi namba ya spea na maelezo ya mabadiliko mliyofanya. Mkishindwa, naikataa pikipiki na nataka fedha zangu. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inasema kasoro inayojitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwepo siku ya makabidhiano, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo, na kwamba nafasi yenu ya kurekebisha ni moja. Nafasi hiyo mmeshaitumia kwa kuchomelea juu ya ufa. Vilevile kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo kwa Walaji ya mwaka 1974 kinanipa haki ya kuidai benki iliyotoa kadi yangu, hata kama kilicholipwa kwa kadi ni sehemu tu ya bei. Barua ya benki nimeshaiandaa.

Na kuna wenzangu. Pikipiki zote mlizouza zimefungwa tangi namna hii, kwa kadiri fundi wangu alivyoona kwenye nyingine mbili zilizoletwa gereji kwake. Ninyi mnajua kila mmiliki alipo, namba za fremu mnazo na simu zao mnazo. Kampuni kubwa hulazimika kutafuta maelfu ya watu. Ninyi mnaweza kuwapigia wote kwa alasiri moja, muwaambie wasiendeshe mpaka breketi ibadilishwe. Wapigieni leo. Nimeiarifu pia DVSA, mamlaka ya usalama wa magari, nikaambatanisha picha za ufa na za tairi.

Nijibuni kwa maandishi, si kwa simu. Pikipiki mje kuichukua kwa gari lenu, kwa sababu mimi siiendeshi barabarani ikiwa hivi, na sitampa mtu mwingine aiendeshe.

Mteja wenu,
Coventry

Viambatanisho: picha za breketi na tairi, nakala ya risiti, maelezo ya fundi, na barua pepe zenu.